Tembo Asiyekuwepo: Uhakiki wa Mgawanyo wa Akili na Hisia katika Kuongoza Mabadiliko, Nakivale na Mbarara

Ikisiri

Makala haya yanahakiki wazo linalosikika mara kwa mara katika mafunzo ya uongozi wa mabadiliko: kwamba binadamu ana akili upande mmoja na hisia upande mwingine, na kwamba kiongozi stadi ni yule anayeishawishi akili kwa hoja na kuituliza hisia kwa maneno matamu. Kwa kuangalia matangazo ya mabadiliko katika makazi ya wakimbizi ya Nakivale na mapokezi ya Kiswahili mjini Mbarara, makala yanadai kwamba mgawanyo huo haukubaliani na Kiswahili kinachosemwa huko. Yanadai pia kwamba unapotumiwa na wenye mamlaka, kumbukumbu za wananchi na wakimbizi huitwa hisia, na maamuzi ya ofisini huitwa akili.

Tembo wa semina

Aliyewahi kukaa katika semina za uongozi zinazofanyika katika hoteli za Mbarara huenda amekutana na tembo. Mwaka 2006 mwanasaikolojia wa Marekani, Jonathan Haidt, alimfananisha binadamu na mtu aliyempanda tembo. Mpandaji ni akili inayofikiri kwa utaratibu. Tembo ni hisia na mazoea, yenye nguvu nyingi kuliko anayeshika hatamu. Mwaka 2010 ndugu wawili, Chip Heath na Dan Heath, waliuchukua mfano huo katika kitabu chao Switch na kuufanya chombo cha kuongozea mabadiliko: mwelekeze mpandaji, mpe tembo hamasa, kisha isafishe njia wanayopita. Wazo lenyewe ni kongwe. Plato alikwishasimulia juu ya dereva wa gari linalovutwa na farasi wawili, mmoja mtiifu na mwingine mkaidi.

Haitakuwa haki kuubeza mfano huu bila kuukiri ubora wake. Umewasaidia watu wengi kuachana na imani kwamba jedwali la takwimu likishaoneshwa ukutani, kazi ya kuongoza imekwisha. Mpangaji wa sera aliyezoea kutoa hoja tano na kushangaa kwa nini hakuna anayesogea, hapa anapata jibu la manufaa. (Kwa mtu wa pwani mfano una kasoro moja ya kuchekesha: tembo ni pia pombe ya mnazi, na aliyepandwa na tembo hilo hahitaji mwanasaikolojia kumweleza ni nani anayeongoza.)

Hata hivyo, ndani ya mfano mna mambo mawili ambayo hayasemwi. La kwanza, akili imepewa sura ya mtu na hisia imepewa sura ya mnyama. Mnyama hasikilizwi, anafunzwa, anabembelezwa, au anapigwa. La pili ni zito zaidi: kiongozi hayumo kwenye picha. Haonekani juu ya tembo wala chini yake. Yeye ndiye anayejua safari inaelekea wapi, na swali la kama safari yenyewe ni ya haki limekwishafungwa kabla ya semina kuanza. Linalobaki ni ufundi wa kuwafikisha wengine. Katika kampuni inayobadilisha mfumo wa malipo, pengine hilo halina madhara makubwa. Katika makazi ya wakimbizi, ambako mabadiliko yanaweza kuwa nusu ya chakula cha mwezi, lina madhara.

Mawazo, roho na kuhisi

Mwanafalsafa wa Ghana, Kwasi Wiredu, aliwahimiza Waafrika kuyajaribu matatizo ya kifalsafa katika lugha zao wenyewe ili waone yapi yanabaki kuwa matatizo na yapi yanayeyuka. Jaribio hilo ni rahisi kulifanya Nakivale, ambako Mkongomani wa Kivu, Mrundi na Msomali wanaonunuliana sokoni Base Camp hawana lugha nyingine ya kukutania isipokuwa Kiswahili.

Tuanze na neno mawazo. Kamusi inatwambia kwamba wazo ni kitu cha akili. Lakini mtu wa Nakivale akisema “niko na mawazo mingi”, hakuna anayedhani kwamba anatunga nadharia. Amekosa usingizi. Pengine ana mtoto aliyebaki Masisi, au kadi yake haikusomeka kwenye orodha. Mswahili sanifu naye husema “fulani ana mawazo” kwa maana hiyohiyo. Neno moja limebeba kufikiri na kuhangaika, na halikubebeshwa kwa bahati mbaya: anayehangaika hapa ndiye anayefikiri, kwa sababu jambo linalomhangaisha linahitaji hesabu. Nani atanikopesha? Niuze bati au nisiuze? Mtoto yupi aache shule?

Kitenzi kuhisi ni mfano mzuri zaidi. Ndicho kilichotupa nomino hisia, ambayo leo tumeitwisha mzigo wote wa upande wa tembo. Lakini msemaji anayesema “nahisi mvua itanyesha” hatoi machozi. Anatoa hukumu, tena hukumu yenye tahadhari, inayotokana na dalili alizoziona. Kuhisi ni kujua kabla ya ushahidi kukamilika. Na busara je? Mwenye busara hatambuliwi kwa wingi wa hoja zake bali kwa kujua lini aseme, aseme mbele ya nani, na anyamaze wapi. Mtu aliyeondolewa hisia zote asingekuwa na busara hata chembe.

Sisemi kwamba Waswahili hawatofautishi akili na moyo. Tunasema kila siku kwamba moyo unataka na akili inakataa, na “roho inaniuma” ya Mkongomani si kauli ya hoja. Ninachosema ni kwamba katika lugha hii wawili hao wanabishana kama washauri wawili waliokaa kwenye mkeka mmoja. Kila mmoja ana jambo la kusema, na hakuna aliyemkalia mwenzake mgongoni.

Mkutano kama neno lenye historia

Nakivale ilianzishwa mwishoni mwa miaka ya 1950 na kuwapokea Watutsi waliokimbia machafuko ya Rwanda, na ni miongoni mwa makazi makongwe zaidi ya wakimbizi barani Afrika. Mwezi Oktoba 1982, chini ya serikali ya pili ya Obote, watu wenye asili ya Rwanda walifukuzwa kwenye nyumba na mashamba yao katika eneo la Ankole. Maelfu walivuka mpaka kuingia Rwanda, na maelfu wengine walisukumwa kwenye makazi ya Nakivale na Oruchinga. Waliokuja baada yao, kutoka Kongo, Burundi, Somalia, Ethiopia na Eritrea, hawakuikuta ardhi tupu isiyo na kumbukumbu.

Katikati ya Julai 2010 likatokea jambo ambalo mshauri yeyote wa sera anayekwenda Nakivale anapaswa kulijua kabla hajashuka garini. Wanyarwanda waliokuwa wameomba hifadhi waliitwa wakusanyike, baadhi wakiamini kwamba wanakwenda kupata chakula au taarifa kuhusu maombi yao. Walizungukwa na askari wenye silaha, wakapandishwa malori na kurudishwa Rwanda. Katika operesheni hiyo, iliyofanyika Nakivale na Kyaka, takriban watu 1,700 waliondolewa. Shirika la Umoja wa Mataifa la Kuhudumia Wakimbizi lililaani hadharani, na watu wawili walikufa baada ya kuruka kutoka kwenye malori.

Sasa mfikirie afisa anayefika miaka kadhaa baadaye na kipaza sauti, akiita mkutano wa kueleza mabadiliko. Watu wanachelewa. Wengine wanamtuma mtoto aende asikilize. Wengine wanakaa mwisho kabisa wa uwanja, karibu na barabara. Katika ripoti yake ataandika kwamba jamii ilionesha hofu na kwamba panahitajika kazi ya kuzishughulikia hisia. Lakini hapo tembo yuko wapi? Mtu aliyekwisha kuona, au kusimuliwa na jirani, kwamba neno mkutano liliwahi kuishia kwenye lori, na ambaye kwa sababu hiyo anakaa karibu na barabara, anafanya kile ambacho vitabu vya mantiki huita kujifunza kutokana na ushahidi. Kumwita mwoga ni kukataa kusoma ushahidi wake. Afisa hahitaji kumpa hamasa. Anahitaji kujibu swali ambalo mtu huyo analiuliza kwa mahali alipokaa.

Kujitegemea kwa amri

Upande wa pili wa mgawanyo huu unahitaji kuchunguzwa vilevile, yaani lugha inayojitambulisha kuwa ni akili tupu. Mfano ulio wazi kuliko yote ni neno kujitegemea.

Kuanzia mwaka 2020 Mpango wa Chakula Duniani, ambao Wakongomani wa Nakivale huuita PAM kwa mazoea ya Kifaransa, umekuwa ukipunguza mgao nchini Uganda kwa uhaba wa fedha: kwanza kwa asilimia 30, kisha mwaka 2021 kwa asilimia 40. Mwaka 2023 ukaingizwa utaratibu wa makundi matatu. Kundi la kwanza, la walio dhaifu zaidi, lingepata asilimia 60 ya mgao kamili. La pili lingepata asilimia 30. La tatu, la wale waliohesabiwa kuwa wanajitegemea, lisingepata kitu. Mwaka 2025 fedha zilipopungua tena, takriban wakimbizi milioni moja nchini waliondolewa kwenye msaada wa chakula.

Sina nia ya kubishana na hesabu. Shirika lisilo na fedha haliwezi kununua mahindi, na kugawa kidogo kilichopo kwa kuangalia mahitaji ni jambo linaloweza kutetewa kwa nguvu. Ninachobishana nacho ni sarufi. Kitenzi kujitegemea kina kiambishi -ji-, ambacho kazi yake ni kumrudishia mtenda tendo lake. Hakuna awezaye kunijitegemesha. Lugha yenyewe inasita. Mtu hujitegemea kwa sababu ameamua na ameweza. Katika matangazo ya makundi, hata hivyo, kitenzi hiki kimetanguliwa na kauli ya kutendwa: mmewekwa katika kundi la wanaojitegemea. Mtu anapokea barua ya kumjulisha kwamba anasimama kwa miguu yake mwenyewe, na aliyeandika barua hakuwahi kumwona akisimama.

Zaidi ya sarufi kuna historia. Kwa msikilizaji wa Afrika Mashariki, neno hili lilipata heshima yake Arusha mwaka 1967, na halikuja peke yake. Lilikuja limeshikana na ujamaa. Anayejitegemea katika Azimio ni taifa, ni kijiji. Ni watu wanaokubaliana kutegemeana wao kwa wao ili wasimtegemee wa nje. Anayejitegemea katika sera ya wakimbizi, tangu mkakati wa mwaka 1999 uliobeba jina hilo nchini Uganda, ni kaya moja kwenye kiwanja kinachozidi kuwa kidogo kadiri wageni wanavyoongezeka. Fahari ya neno imebebwa, ushirika wake umeachwa njiani. Kwa hiyo tangazo linalodhaniwa kuzungumza na akili ya mpandaji limesheheni hisia tangu silabi ya kwanza. Linamwambia aliyenyimwa kwamba amepongezwa. Anayekasirika hakasiriki kwa kuwa hakuelewa.

Karatasi isiyo na mwenyewe

Hapa sina budi kujitia mwenyewe katika uhakiki. Niliwahi kuombwa na taasisi moja kupitia tafsiri ya tangazo la mabadiliko ya msaada lililokusudiwa kusomwa vijijini Nakivale. Mfasiri wa kwanza, kijana mkimbizi, alikuwa ameanza kwa maneno mafupi ya kutoa pole. Nililinganisha na matini chasili, nikaona pole haimo, nikaifuta. Nilijiona nimefanya kazi ya kitaalamu. Uaminifu kwa chanzo ndio tunaofundisha darasani.

Nilikuwepo siku moja tangazo hilo liliposomwa Rubondo. Msomaji alilisoma vizuri, kwa Kiswahili changu safi. Lilipokwisha palikuwa kimya. Kisha mama mmoja wa makamo, mwenye lafudhi ya Kivu Kusini, akasema bila kupandisha sauti: “Hii karatasi haiko na mwenyewe.”

Nimeisoma karatasi ile mara nyingi tangu siku hiyo, na mama yule alikuwa sahihi kwa kipimo cha isimu. Vitenzi vyake vikuu vyote vilikuwa katika kauli ya kutendwa, na hakuna hata kimoja kilichotaja mtenda. Imeamuliwa. Mgao utapunguzwa. Kaya zimepangwa. Wahusika wanajulishwa. Mahali pekee ambapo palikuwa na nafsi, yaani mtu anayesema “sisi” kwa “ninyi”, palikuwa katika ile pole niliyoifuta. Kwa kuwa anayetoa pole lazima awe mtu. Karatasi haitoi pole, wala ofisi haitoi. Pole inamtaka mtoaji asimame mbele ya aliyepatwa, akiri kwamba jambo limetokea, kwamba linaumiza, na kwamba yeye analiona. Sio kuomba msamaha, na wenye hofu ya kisheria wanaodhani kutoa pole ni kukiri kosa wamelifasiri neno kwa lugha nyingine kabla ya kulisikia. Tunampa pole hata aliyejikwaa kwenye jiwe ambalo hatukuliweka sisi.

Katika vitabu vya uongozi, pole ingewekwa upande wa tembo: ni kitulizo, ni mafuta ya kulainisha. Tukio la Rubondo linaonesha vingine. Pole ilikuwa na taarifa ndani yake, tena taarifa ambayo sehemu nyingine ya tangazo haikuwa nayo: nani anasema, na je, anajua anachokisema kina uzito gani? Bila taarifa hiyo msikilizaji hana pa kupeleka swali, na bila pa kupeleka swali hata hoja nzuri haina wa kuitetea. Wenyeviti wa kamati za wakimbizi, ambao kila siku ndio wanaoachiwa kuyaeleza maamuzi ambayo hawakuyafanya, wanalijua hili kuliko wataalamu. Baada ya kila tangazo la namna hiyo, mlangoni kwao ndiko watu wanakwenda kulitafuta lile “mwenyewe” lililokosekana.

Mbarara na lugha iliyokuja na bunduki

Ingekuwa rahisi kuishia hapo na kuwanyooshea vidole mashirika. Lakini sisi wa Kiswahili tuna mabadiliko yetu wenyewe tunayoyaongoza, na tunayaongoza kwa kosa lilelile.

Tangu marekebisho ya Katiba ya mwaka 2005, Kiswahili ni lugha rasmi ya pili ya Uganda. Julai 2022 Baraza la Mawaziri liliidhinisha utekelezaji wa uamuzi wa Jumuiya ya Afrika Mashariki na kutaka lugha hii ifundishwe kwa lazima katika shule za msingi na sekondari. Katika makongamano yetu hoja hurudiwa zikiwa zilezile: soko la pamoja, ajira, mamilioni ya wasemaji, Siku ya Kiswahili Duniani. Zote ni kweli. Na kila mara mtu anapoeleza kwamba katika nyumba nyingi za Mbarara lugha hii haipendwi, tunajibu kwamba hizo ni chuki za zamani zitakazopita. Tunamtafutia tembo hamasa: mashindano ya insha, fulana, nyimbo.

Historia ya mji ingepaswa kutunyamazisha kidogo. Gavana Gowers alipopendekeza mwaka 1927 Kiswahili kipanuliwe Uganda, alikuwa na hoja za kiutawala zilizopangika vizuri, na upinzani wa Kabaka Daudi Chwa ulionekana na wengi kuwa ni ukaidi. Kumbe Kabaka alikuwa akihesabu nini kingeipata Buganda iwapo ingeunganishwa na makoloni ya walowezi. Amin alipoitangaza lugha ya taifa mwaka 1973, Mbarara ilikuwa imetoka tu kuona Septemba 1972, pale wapiganaji kutoka Tanzania waliposhambulia kambi ya jeshi na kushindwa, na askari wa Amin wakawageukia raia waliowashuku. Lugha ya askari hao ilikuwa Kiswahili. Februari 1979 jeshi la Tanzania liliingia likiwa mkombozi, na likabomoa sehemu kubwa ya mji kulipiza kisasi cha Kagera. Lugha ya askari hao nayo ilikuwa Kiswahili. Mzee anayesema mbele ya wajukuu wake kwamba hiyo ni lugha ya kuamriwa ulale chini, anasema alichokisikia kwa masikio yake, mara mbili, kutoka kwa majeshi mawili yaliyokuwa yakipigana.

Nani kati yetu amewahi kufika Mbarara na, kabla ya kutaja soko la pamoja, akatoa pole kwa 1979? Sizungumzii sherehe wala tamko la serikali. Nazungumzia sentensi moja ya mwalimu wa Kiswahili kwa mzazi wa mwanafunzi, yenye nafsi ya kwanza ndani yake. Nimeiona ikifanyika mara moja tu, na aliyeifanya hakuwa mhadhiri wala afisa wa wizara. Alikuwa mwalimu Mrundi aliyetoka Nakivale, akijitolea kufundisha jioni katika mtaa wa pembezoni mwa mji. Alimwambia babu wa mwanafunzi wake kwamba hata kwao Kiswahili kimewahi kusemwa na wenye bunduki, na kwamba yeye alikijua kwanza kwa mama aliyeuza dagaa. Mtoto aliendelea kuja darasani.

Walimu wa namna hiyo wako wengi Nakivale, na shule za Mbarara zina upungufu wa walimu wa Kiswahili unaojulikana na kila mkuu wa shule. Ni vigumu kuona kwa nini sera mbili hizi, ya lugha na ya wakimbizi, hazijakutanishwa mezani. Kizuizi kimoja ninakijua, kwa kuwa nimekaa katika kamati za mitihani. Kiswahili chao tunakiita kibovu. Yule mama wa Rubondo, aliyeona kwa sekunde chache kasoro ambayo mimi na shahada zangu sikuiona, asingefaulu karatasi yetu ya sarufi. Ningemkata alama kwenye “haiko na”.